El Nino imezamisha shamba Handeni ikakausha mahindi Zambia, inawezekanaje?

Swali limetoka kwa msomaji wa Handeni, nimelifupisha kidogo: "Mtaalamu, vuli ya 2023 mvua ilinipiga mpaka shamba la bondeni likawa bwawa, maharage yote yakaoza. Redioni wanasema ni El Nino. Sasa shemeji yangu analima Choma huko Zambia, msimu uleule hakuvuna hata debe, na yeye anaambiwa ni El Nino. Afu mwaka 2015 tulitangaziwa El Nino kubwa, nikaacha kupanda bondeni, mvua ikaja ya kawaida tu. Mi naona hawa watu wanabahatisha. Joto la bahari ya Pasifiki linanihusu nini mimi wa Handeni, na nitajuaje nipande nini?"

Kaka, hawabahatishi, ila wanakupa habari nusu. Pasifiki inakuhusu ndio, lakini kwa mkulima wa Handeni bahari ya kwanza kuangalia ni hii yetu ya Hindi, na hata hiyo inakusaidia kwenye vuli tu, ikifika masika inakuacha njia panda. Ukishashika hapo, hayo mambo yako ya bwawa, ya shemeji na ya 2015 yanaanza kueleweka bila kumlaumu mtu wa hali ya hewa.

Tuanzie mbali kidogo. Kule Pasifiki kwenye ikweta upepo kwa kawaida unavuma kutoka mashariki kwenda magharibi, yani unatoka upande wa Peru na Ekwado unaelekea Indonesia, na njiani unasukuma maji ya juu yenye joto, unayasukuma kweli kweli mpaka usawa wa bahari upande wa Indonesia unakuwa juu kama nusu mita kuliko upande wa Amerika Kusini. Huku Peru maji ya baridi yanapanda kutoka chini kuchukua nafasi, na yanapanda na virutubisho ndio maana wale jamaa wanavua samaki wadogo wadogo kwa mamilioni ya tani. Sasa kuna miaka ule upepo unalegea. Maji ya moto yanarudi mashariki, kama beseni ulilokuwa umeliinamisha halafu ukaliachia. Hiyo ndio El Nino. Upepo ukizidi nguvu badala ya kulegea, baridi inatanda zaidi katikati ya bahari, hiyo ni La Nina.

Wanapima eneo moja katikati ya Pasifiki wanaliita Nino 3.4, joto la maji pale likizidi wastani kwa nusu nyuzi na likakaa hivyo kwa miezi kadhaa wanatangaza. Nusu nyuzi unaweza kuona ni mchezo, lakini hilo eneo ni kubwa kuliko Tanzania mara sita, fikiria ni joto kiasi gani limekaa pale. Na joto la maji ndio linaloamua hewa ipande wapi. Penye maji ya moto hewa inabeba unyevu, inapanda, mawingu yanajengeka, inanyesha, na hewa ikishapanda lazima ishuke mahali pengine, na pale inaposhuka inashuka kavu, wingu likijaribu kujijenga linakandamizwa. Kwa hiyo ukihamisha maji ya moto kilometa elfu kadhaa umehamisha na sehemu za kupanda na sehemu za kushuka, mpaka huku kwetu ambako hata hiyo bahari yenyewe hatujawahi kuiona. Mtu aliyeanza kuunganisha haya ni Mwingereza mmoja Gilbert Walker, alikuwa mkuu wa idara ya hali ya hewa India kuanzia 1904, kazi yake ilikuwa kutafuta kwa nini mvua za monsuni miaka mingine zinagoma na watu wanakufa njaa, akakuta mgandamizo wa hewa ukipanda upande mmoja wa Pasifiki unashuka upande wa pili. Joto la maji lenyewe lilikuja kuunganishwa vizuri na Jacob Bjerknes mwaka 1969. Yani tangu mwanzo hili jambo lilianzia kwenye njaa.

Sasa turudi nyumbani. Umewahi kujiuliza kwa nini sisi tuko karibu na ikweta lakini Handeni, Same, Kitui, Garissa watu wanaomba mvua, wakati Kongo na Indonesia kwenye ikweta hiyohiyo wanalala nayo? Sababu moja kubwa ni kwamba kwa kawaida hewa juu ya Bahari ya Hindi inapanda kule Indonesia na kushuka huku Afrika Mashariki. Tumekaa upande wa kushuka. Lakini kuna miaka maji ya pwani ya Sumatra, kile kisiwa cha Indonesia, yanapoa, na maji ya upande wetu, kuanzia pwani ya Somalia kwenda Shelisheli, yanapata joto, basi mzunguko unageuka, upepo wa mashariki unaongezeka na unyevu wote unamwagwa huku. Hii wanaiita Dipoli ya Bahari ya Hindi, kwa kifupi IOD, na ni habari ya juzijuzi tu, ilielezwa rasmi mwaka 1999. Ikiwa chanya maana yake upande wetu una joto kuliko kawaida ukilinganisha na upande wa Sumatra, vuli inakuwa kubwa. Ikiwa hasi, upande wa Sumatra ndio wenye joto, vuli inakata mapema au haiji kabisa.

El Nino mara nyingi inaisukuma IOD iwe chanya. Mara nyingi, sio kila mara, na hapo ndipo ilipo 2015 yako.

Angalia miaka yenyewe. 1961 hapakuwa na El Nino kabisa, ila Bahari ya Hindi iligeuka vibaya sana, na wazee wanaikumbuka ile mvua kwa sababu iliangukia wakati wa uhuru, Ziwa Victoria lilipanda zaidi ya mita 2 ndani ya miaka michache iliyofuata. 1997 vyote viwili vilikuja pamoja, El Nino kali na IOD chanya kali, na kila mtu wa umri wetu anajua kilichotokea, barabara na madaraja yalikwenda na maji, kule Garissa na Somalia homa ya Bonde la Ufa ikaua mifugo na watu. 2015 El Nino ilikuwa kubwa kuliko hata ya 1997 kwa kipimo cha Pasifiki, lakini Bahari ya Hindi ilipata joto karibu yote kwa pamoja, tofauti ya upande na upande haikuwa kubwa kama 1997, kwa hiyo mvua ikawa nzuri sehemu kadhaa lakini haikukaribia kabisa ile watu waliyokuwa wanaiogopa. 2019 ikaja kinyume chake, Pasifiki imetulia tu, IOD ikawa chanya kupita kiasi, tukazama. Tanga barabara zilikatika Oktoba ile, West Pokot kule Kenya mlima ukaporomoka Novemba, afu nyasi zikaota jangwani na nzige nao wakaja. Na 2023 vyote viwili tena: El Nino iliyofika karibu nyuzi 2 juu ya wastani na IOD chanya yenye nguvu, ndio hilo bwawa lako, na ndio matope ya Katesh pale Hanang tarehe 3 Desemba.

Umeona sasa? Miaka iliyotuzamisha Pasifiki inaingia inatoka, lakini Bahari ya Hindi ipo kila mara. Mi nikiulizwa mwezi wa 9 "vipi vuli" naanza na ramani ya Bahari ya Hindi, Pasifiki naisoma baadae.

Shemeji wa Choma sasa. Yeye yuko upande mwingine wa mzunguko. Kusini mwa Afrika, kuanzia Zambia ya kusini, Zimbabwe, Malawi ya kusini, Msumbiji ya kati, El Nino inaleta hewa ya kushuka, ile mistari ya mawingu ambayo ingewanyeshea inasogea kuelekea baharini, jua linawaka, joto linapanda. Kwa hiyo hamna mgongano wowote, bwawa lako na ukame wake vimetoka jikoni pamoja. Msimu ule wa 2023/24 Zambia ilitangaza janga la taifa mwishoni mwa Februari 2024, serikali yao ikasema karibu hekta milioni 1 za mahindi kati ya milioni 2.2 zilizopandwa zimekwisha. Malawi ikafuata Machi, Zimbabwe mwanzoni mwa Aprili. Na sio chakula tu, bwawa la Kariba lilipungua sana na sehemu kubwa ya umeme wao ni wa maji, wakaingia kwenye mgao ambao ungeona wa kwetu ni anasa.

Kilichomuumiza shemeji zaidi ya kiasi cha mvua ni tarehe. Kule wanapanda Novemba au Desemba, mahindi yanatoa mbelewele mwishoni mwa Januari na Februari, na Februari 2024 ndio ilikuwa kavu ambayo haijaonekana kwa miongo. Nikueleze kinachotokea pale kwenye mmea maana watu wengi wanaliona shamba la kijani wanadhani liko salama. Kila unywele wa ndevu za hindi umeunganishwa na punje moja, mmoja kwa mmoja, na chavua kutoka kwenye mbelewele lazima idondoke juu ya unywele huo ndani ya siku chache. Mmea ukiwa na kiu mbelewele inatoka kwa wakati wake lakini ndevu zinachelewa, chavua inamwagika hakuna wa kuipokea, na joto likivuka nyuzi 35 hivi chavua yenyewe inaanza kudhoofika. Mvua ikija wiki 2 baadae mmea unanyanyuka, unapendeza, majani kibao, ukimenya hindi unakuta gunzi lenye mapengo au gunzi tupu. Mkulima anakwambia "mvua mbona ilinyesha". Ilinyesha ndio, ila ilichelewa, mahindi yalishapita pale.

Kuna utafiti mmoja wa 1994 huwa naupenda sana kwa ajili ya hili. Mark Cane na wenzake walichukua mavuno ya mahindi ya Zimbabwe kuanzia 1970 hadi 1993 wakayalinganisha na joto la maji ya mashariki ya Pasifiki. Joto la Pasifiki lilieleza zaidi ya asilimia 60 ya kupanda na kushuka kwa mavuno, na cha kushangaza lilieleza mavuno vizuri kuliko mvua ya Zimbabwe yenyewe ilivyoeleza. Soma tena hapo. Bahari iliyo nusu ya dunia ilikuwa inajua mavuno kuliko kipimo cha mvua kilichosimama shambani. Mi tafsiri yangu ni kwamba jumla ya milimita za msimu haikwambii zilinyesha lini, wala jua lilikuwaje, wala mapengo ya siku kavu yalikaa wapi, lakini mwaka wa El Nino kule kusini hivyo vyote vinaharibika kwa pamoja, kwa hiyo bahari inabeba habari nyingi kuliko ndoo ya kupimia mvua.

Upande wa pili wa shilingi ni La Nina na huo ndio unapaswa kukutisha wewe zaidi ya El Nino. Kuanzia 2020 mpaka mwanzoni mwa 2023 Pasifiki ilikaa kwenye La Nina miaka 3 mfululizo, kitu cha nadra, na 2022 IOD nayo ikawa hasi. Somalia, kusini mwa Ethiopia na kaskazini na mashariki ya Kenya misimu 5 ya mvua ikafeli mfululizo, haijawahi kurekodiwa hivyo kwa zaidi ya miaka 40. Uhuru Kenyatta alitangaza ukame kuwa janga la taifa Septemba 2021. Kwetu Simanjiro na Longido ng'ombe walilala chini mwanzoni mwa 2022, na Oktoba ile Dar wakaanza mgao wa maji kwa sababu Ruvu imepungua. Na wakati sisi tunalia, Zimbabwe msimu wa 2020/21 walivuna mahindi yapata tani milioni 2.7, walikuwa hawajaona kitu kama hicho kwa miaka mingi. La Nina yetu ni sherehe yao.

Wa Mbeya, Rukwa na Ruvuma msinitumie meseji za kuuliza mnaangukia upande gani, maana mko katikati kabisa ya hii bembea. Kaskazini inazidi, kusini inakauka, nyie mnakaa pale inapopindukia, ishara ni dhaifu, mwaka mmoja inakwenda hivi mwingine vile. Kwenu mi siwezi kusema "El Nino basi fanyeni hivi", anayesema hivyo anauza mbegu.

Sasa masika, na hapa naomba tuelewane maana ndio watu wanapotapeliwa. IOD inaanza kujijenga Mei au Juni, inafika kilele Septemba mpaka Novemba, afu upepo wa kaskazi ukiingia Desemba inakufa. Masika ikija Machi hamna IOD ya kuulizia. El Nino nayo mwezi wa 3 na wa 4 huwa inapoa na athari yake kwa mvua zetu za masika ni ndogo sana ukilinganisha na vuli. Kinachoongoza masika ni vitu vya muda mfupi, kuna wimbi la mawingu linalozunguka dunia kwenye ikweta kwa siku kama 30 mpaka 60, likiwa juu ya Bahari ya Hindi tunapata, likishapita tunakosa, na kuna vimbunga. Machi 2018 vimbunga vilikaa mashariki ya Madagaska vikavuta upepo wa magharibi kutoka Kongo, upepo wenye unyevu, masika ikawa ya kutisha. Machi 2019 kimbunga Idai kikaingia Beira, kikavuta unyevu wote kusini, Kenya na kaskazini mwa Tanzania watu wakakaa mpaka Aprili ya katikati wanaangalia mbingu. Mwaka na mwaka, mwezi uleule, kimbunga na kimbunga, matokeo tofauti. Hiyo huwezi kuitabiri Januari.

Kitu kimoja kuhusu masika ambacho joto la bahari linasaidia ni kwenye La Nina. Watafiti wameona kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990 maji ya magharibi ya Pasifiki, upande wa Indonesia, yamekuwa na joto zaidi, na ikitokea La Nina juu ya hilo joto basi masika inayofuata ina hatari kubwa ya kuwa hafifu, hasa upande wa Kenya mashariki na Somalia. Ndio maana 2021 na 2022 walionya mapema na wakawa sahihi. Kwa Handeni athari hiyo ipo lakini imepungua makali. Ila kinyume chake hakipo, usijipe moyo eti El Nino ya Desemba itakupa masika nono. Masika ya 2024 ilikuwa kubwa kweli, Rufiji watu walipanda juu ya mapaa, lakini usiichukue kama kanuni.

Umeniuliza utajuaje. TMA, yani mamlaka yetu ya hali ya hewa, wanatoa mwelekeo wa vuli kabla ya msimu, na kabla yake wataalamu wa nchi zote za ukanda wanakaa pamoja chini ya ICPAC, kituo cha hali ya hewa cha kanda kilichopo Kenya. Ule mwelekeo ukiusikiliza redioni wanakata wanasema "mvua za wastani hadi juu ya wastani" basi, lakini nyuma yake kuna namba tatu, mfano 45, 35, 20. Maana yake kwenye miaka 100 inayofanana na huu, 45 ingekuwa na mvua ya juu, 35 ya wastani, 20 ya chini. Bila habari yoyote ungekuwa na 33, 33, 33. Kwa hiyo bahari imekuongezea kutoka 33 mpaka 45, sio zaidi ya hapo, na ile 20 bado ni mwaka mmoja kati ya mitano ambao utapanda ukitegemea mvua na itakukimbia. 2015 haikuwa uongo, kilichokosekana ni mtu wa kukusomea hizo namba. Wewe uliyeacha bonde zima ulifanya uamuzi wa asilimia 100 kwa habari ya asilimia labda 50.

Na mtu akikuapia mwezi wa 4 kwamba Desemba kuna El Nino kubwa, mwache. Kipindi cha Machi mpaka Mei ndio Pasifiki inabadilika na mitambo yote duniani inapata shida kuona mbele. Kuanzia Juni, Julai picha inanyooka, Septemba mwanzoni unakuwa na IOD na Pasifiki zote mbili mezani, na vuli yako inaanza Oktoba. Una kama mwezi mmoja wa kujipanga, unatosha.

Kwa hiyo nipande nini. Kwa shamba lako, la mlimani kidogo na la bondeni, mi ningefanya hivi. Septemba ukisikia IOD chanya, na El Nino ipo au haipo haijalishi sana, vuli ichukulie kama msimu wako mkubwa. Mahindi panda juu, fungua mifereji bondeni kabla ya mvua na sio baada, na bondeni weka mpunga kama maji yanasimama. Maharage usipeleke bondeni kabisa, umeshaona. Unajua mche wa mahindi ambao haujafikisha majani 6 ile sehemu yake ya kukua bado iko chini ya udongo? Ukifunikwa na maji siku 2 mpaka 4 ndio basi, hata maji yakikauka hautanyanyuka. Mbolea ya kukuzia usiimwage yote siku moja, gawa mara mbili au tatu, kwa sababu mvua kubwa inaiteremsha naitrojeni chini ya mizizi hasa kwenye udongo wa kichanga, na utaona mahindi ya njano katikati ya mvua ya kutosha ukashangaa. Mwaka wa mvua nyingi njaa ya mahindi ni naitrojeni, sio maji. Hapo ndio nasema mvua na mavuno ni vitu viwili: 2023 wenzako wa miinuko waliogawa mbolea walivuna vizuri sana, wewe bondeni ulipata sifuri, mvua ileile.

Ukisikia IOD hasi, na mbaya zaidi na La Nina juu yake, vuli ya mahindi marefu isahau. Mbegu ya siku 90 kushuka chini, Katumani au jamii yake, kwenye kipande kidogo tu cha bondeni ambako unyevu unakaa, hapo bonde lako linakuwa mali. Juu weka mtama kama Macia, kunde, choroko. Panda na mvua ya kwanza ya kweli, ardhi iwe imelowa kiganja kizima kwenda chini, sio ile ya kufuta vumbi. Mbolea nunua nusu ya kawaida, hiyo hela nyingine kaa nayo, maana mbolea bila maji unachoma pesa. Na mbuzi wa kuuza uza Oktoba wakiwa na mwili, Januari kila mtu atakuwa anauza na bei imelala.

Ikiwa bahari zote zimetulia, hamna chanya hamna hasi, basi huna habari yoyote ya ziada, lima kama unavyolima miaka yote, changanya mbegu ya muda mfupi na ya kati. Miaka ya hivyo ni mingi kuliko watu wanavyodhani.

Jambo moja la kuongezea kuhusu Bahari ya Hindi, yenyewe kwa ujumla inapata joto, upande wetu wa magharibi umeongezeka zaidi ya nyuzi 1 tangu mwanzo wa karne iliyopita, haraka kuliko bahari nyingi za tropiki. Kwa hiyo tukiipata IOD chanya sasa hivi inaanzia kwenye maji ambayo tayari ni ya moto kuliko ya 1961, na hewa ya moto inabeba unyevu mwingi zaidi. Mtaro uliochimbwa kwa mvua za baba yako utafurika, chimba mpana.

Shemeji wa Choma mwambie yeye kwake mambo ni rahisi zaidi, anaweza kuangalia Pasifiki moja kwa moja kuanzia Agosti na inamwambia mengi. El Nino ikitangazwa apunguze mahindi aongeze mtama na mihogo, na mahindi machache anayopanda ayapande kwa tarehe tofauti tofauti ili yote yasitoe ndevu wiki moja. La Nina apande kila kona. Na nyie wawili mna bahati ambayo hamjaitumia: mwaka akikauka yeye, wewe una nafasi kubwa ya kuvuna vuli. 2024 hata serikali zetu zilifanya hivyohivyo, wakala wa chakula wa Tanzania aliingia mkataba wa kuiuzia Zambia tani 650,000 za mahindi. Ukiona El Nino na IOD chanya kwa pamoja Septemba, mahindi yako ya vuli usiyamalize kwa dalali Februari kwa bei ya shambani, yaanike mpaka yakauke kabisa maana vuli ya mvua nyingi inaleta sumukuvu na mnunuzi wa maana lazima apime, yaweke kwenye mifuko isiyopitisha hewa, subiri mpaka Aprili, Mei, ndio kule wanajua kabisa hawana kitu. Ila kabla hujakodi gari kwenda Tunduma ulizia kwanza kibali cha kutoa mahindi nje msimu huo kikoje, hicho hakitabiriki na bahari yoyote.